Safari Mbili za Kulifuata Dubwana: Kutoka Chekereni hadi Yumenoshima

Tangu niliporejea Moshi mwezi Mei 2024, jirani zangu wameniuliza swali moja kwa namna mbalimbali, nami nimekuwa nikilijibu kwa mkato kwa sababu jibu lake ni refu mno kuelezwa mtu akiwa amesimama getini. Safari yangu ya kwanza ya Japani, ya mwaka 2019, waliielewa, kwa kuwa nilipelekwa na kazi. Ya pili niliilipia mwenyewe, kwa fedha nilizodunduliza kwa miaka minne na ambazo zingetosha kumalizia uzio wa nyumba, na sasa wanataka kujua nilifuata nini huko. Nilifuata dubwana. Nililifuata Godzilla, dubwana la filamu ambalo Wajapani wenyewe huliita Gojira, na leo nataka kueleza kwa utulivu ni wapi nililikuta.

Baba yangu alikuwa fundi wa mifereji katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980 na kuzibadilisha tambarare za Chekereni na Mabogini kuwa mashamba ya mpunga. Wataalamu wa Kijapani walikuwa wakija na kuondoka, na mmoja wao, alipomaliza muda wake mwaka 1992, alimwachia baba sanduku la vitu asivyoweza kubeba: buti za mpira, kamusi, chupa ya chai na kaseti tatu za video. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, maana cha kwanza kilianza mwaka 1994, kwa hiyo kaseti kwetu ilikuwa mali. Mbili kati ya zile tatu zilikuwa zimeliwa na ukungu. Ya tatu ilikuwa filamu ya Godzilla ya mwaka 1954, nyeusi na nyeupe, kwa Kijapani kitupu, bila tafsiri ya aina yoyote.

Tuliitazama kwa jirani mwenye deki, tukiwa tumebanana kwenye mkeka, na bibi yangu, aliyekuwa ameteremka kutoka Uru kuja kutusalimia, alipewa kiti cha pekee kilichokuwepo. Bibi alikuwa amelelewa na hadithi za irimu, lile zimwi la Wachaga linalojigeuza mtu, na alipoliona dubwana linatoka baharini alitikisa kichwa kama anayekutana na mtu anayemfahamu. Sisi watoto tulishangilia kila nyumba iliyobomoka. Yeye hakushangilia. Dubwana lilipopaza sauti, ile sauti ndefu inayoanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, bibi alisema kwa sauti ya chini, "Mnyama huyu anaumwa. Nani amemuumiza?" Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa anajua.

Nami nikawa fundi sanifu wa umwagiliaji kama baba, na mwaka 2019 nikapelekwa kwa miezi miwili kwenye mafunzo mjini Tsukuba. Anayeijua ramani ya Japani atatabasamu, kwa maana treni ya Tsukuba Express huishia Akihabara, mtaa wa Tokyo ambao wapenzi wa katuni, michezo ya kompyuta na madubwana kutoka dunia nzima huutamani, na mwendo wake ni dakika 45 tu. Jumamosi yangu ya kwanza niliitumia huko. Maduka yamepandana ghorofa kwa ghorofa na kelele zake ni za Soko la Memorial, lile la mitumba la hapa Moshi, siku ya mzigo mpya, isipokuwa hapa kinachonadiwa ni sanamu, kadi na vitabu vya katuni. Nilitumbukiza sarafu nne za yeni 100 kwenye mashine, nikazungusha kitasa, na kikadondoka kibumba cha plastiki chenye Godzilla wa urefu wa kidole gumba, mwenye mkunjo mdogo kwenye mkia pale vipande viwili vya plastiki vilipounganishwa. Ninaye hadi leo. Hata hivyo sikukaa sana Akihabara, kwa sababu huko vitu vyote vinauzwa na hakuna kinachoelezwa.

Niseme pia jambo moja la furaha. Kila nilipojitambulisha kuwa natoka Moshi, mwenyeji wangu aliangua kicheko cha urafiki, kwa sababu Mjapani anapopokea simu husema "moshi moshi" kama sisi tunavyosema "halo". Nilipoongeza kuwa Moshi iko chini ya Kilimanjaro, uso ulibadilika na kuwa wa heshima, maana jina hilo wanalijua kutokana na kahawa. Katika duka la kwanza la vyakula nililoingia mjini Tsukuba nilikuta pakiti yenye picha ya mlima wetu, nikasimama mbele yake muda mrefu nikiwaza kuwa huenda buni hizo zilichumwa Uru.

Shinjuku, wilaya ya Tokyo, nilikwenda Jumapili iliyofuata. Kichwa cha Godzilla kimewekwa kwenye mtaro wa jengo lenye jumba la sinema na hoteli katika eneo la Kabukicho tangu mwaka 2015, na kimeinuliwa kiasi cha mita 50 kutoka barabarani, ambazo ndizo mita za urefu wa dubwana katika filamu ya kwanza, kana kwamba mwili uliobaki umesimama nyuma ya jengo. Mwaka huohuo uongozi wa Shinjuku ulilitunukia dubwana hili ukazi wa heshima na kulifanya balozi wa utalii wa eneo hilo. Kuanzia adhuhuri, kila saa inapotimia, macho huwaka na kichwa hunguruma. Nilisimama chini pamoja na watu wapatao mia moja, simu zimeinuliwa, na iliposikika ile sauti niliyoisikia Chekereni nikiwa na miaka kumi, miguu iliniisha nguvu nikaegemea nguzo ya taa. Watu walipiga makofi, wakatawanyika. Ni mahali pazuri, na sitamkatisha tamaa yeyote anayetaka kwenda, lakini pale dubwana limekwisha kusamehewa na kufanywa mwenyeji, na swali la bibi haliwezi kuulizwa katikati ya makofi.

Hibiya, mtaa mwingine wa Tokyo, kuna sanamu ya shaba ya Godzilla iliyozinduliwa mwaka 2018, yenye mita 3 pamoja na msingi wake, nami niliipita haraka. Ginza nilikaa zaidi. Kwenye njia panda kuu ya mtaa huo kuna jengo la duka la Wako lenye mnara wa saa uliojengwa mwaka 1932, na katika filamu ya 1954 dubwana husikia kengele ya saa ile, likageuka, likaubomoa mnara. Mnara wenyewe hadi leo uko salama na saa inakwenda. Niliutazama huku nikifikiria jambo ambalo linanihusu kikazi, nalo ni kipimo.

Mkuu wa picha za ajabu, yaani hila za kamera na mifano, katika filamu ile alikuwa Eiji Tsuburaya, na Ginza aliyoibomoa ilikuwa vijengo vya mfano vilivyojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25, hivyo mtu wa mita 2 akiwa ndani ya vazi la dubwana huonekana wa mita 50. Sisi wa maji tunaojenga mifano ya malango na vizuizi tunajua kwamba ukipunguza ukubwa wa kitu lazima upunguze na muda wake, na kwamba muda hufuata kipeuo cha pili cha kipimo. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Maana yake, tofali la mfano huanguka haraka mara tano kuliko linavyopaswa kuonekana, na macho ya mtazamaji, hata asiyekwenda shule, hung'amua kuwa kuna uongo. Tsuburaya alizungusha kamera kwa kasi kuliko kawaida ili filamu ionyeshwapo kwa mwendo wa kawaida kila kitu kiwe kizito na kichelewe kuanguka. Nilipolielewa hilo, nikiwa darasani Tsukuba mbele ya hesabu za mfereji, nilifurahi kama mtoto, kwa sababu kwa miaka 27 nilikuwa nimeuamini ule uzito bila kujua umetoka wapi.

Na aliyekuwa ndani ya vazi alikuwa Haruo Nakajima. Vazi la kwanza lilikuwa zito na gumu mno, la mpira juu ya fremu ya waya na mianzi, kiasi kwamba aliweza kutembea hatua chache tu kabla ya kuanguka, na hata lililofuata lilikuwa na uzito unaokaribia kilo 100. Kabla ya kuanza kazi alikwenda kwenye bustani ya wanyama kutazama namna wanyama wakubwa wanavyotembea, hasa tembo na dubu. Sisi wa huku hatuhitaji tiketi ya bustani kuelewa alichokiona. Aliyewahi kukaa kimya Tarangire wakati kundi la tembo linavuka mto anajua kwamba tembo hakanyagi kwa kishindo; hulaza unyayo taratibu, kisha ndipo uzito wote unapofuata juu yake na ardhi kupokea. Tazama miguu ya Godzilla katika filamu ile, nawe utamwona tembo.

Sauti nayo ina fundi wake. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alilegeza nyuzi za fidla kubwa ya besi, ile inayosimamishwa sakafuni, na zikasuguliwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti iliyonaswa ikapunguzwa kasi. Ngozi na uzi, basi. Nimejaribu jambo kama hilo kwa kamba ya ndoo ya kisima nikapata sauti ya kusikitisha kwelikweli.

Kwa ajili ya Tsuburaya nilisafiri hadi Sukagawa, mji wa mkoa wa Fukushima alikozaliwa mwaka 1901. Unapanda treni ya kasi hadi Koriyama, kisha unabadili na kupanda treni ya kawaida kwa vituo vichache. Tsuburaya ndiye pia aliyeanzisha studio iliyomleta Ultraman, shujaa wa hadithi anayepigana na madubwana, kwenye televisheni mwaka 1966, na mji wake hauoni haya kumpenda: barabara yake kuu imepangwa sanamu za Ultraman na madubwana aliopambana nao, zikiwa kimo cha binadamu, na mwaka 2013 mji ulitia saini undugu na Nchi ya Nuru ya Nebula M78, ambako Ultraman anatoka katika hadithi. Nilimwona mama mmoja ameweka mfuko wake wa mboga miguuni mwa Gomora, mmoja wa madubwana hao, ili amfunge mtoto kamba za viatu. Makumbusho ya Tsuburaya yalifunguliwa Januari 2019 ndani ya jengo la maktaba la mji, bila kiingilio, na nilikaa humo hadi mchana wote ukaisha.

Lakini Sukagawa nilikuwa ninaijua kwa jina kabla sijajua kuwa ni mji wa Tsuburaya. Tulifundishwa darasani habari za Fujinuma, bwawa la udongo la umwagiliaji lililokamilika mwaka 1949 katika eneo la mji huo, ambalo lilivunjika baada ya tetemeko kuu la 11 Machi 2011, na maji yake yakawachukua watu 8 wa vijiji vya chini. Mimi ninaishi na mabanio na mifereji. Najua maana ya maji kumshinda aliyeyafunga. Kutembea katika mji ambao watoto wanapanda juu ya sanamu za madubwana, na ambao pia umewazika watu waliochukuliwa na bwawa, kulinionyesha kuwa watu wale wanapochora kiumbe kinachokuja na kubomoa mji hawabuni kitu wasichokijua.

Sasa nifike mahali ambapo hakuna orodha ya watalii wa katuni niliyoiona ikipataja. Upande wa mashariki wa Tokyo, ukishuka kituo cha Shin-Kiba na kutembea kama dakika kumi, utafika bustani ya Yumenoshima, kisiwa kilichotengenezwa kwa takataka za jiji. Ndani yake kuna jumba la paa lenye mteremko mkali, na ndani ya jumba hilo mna mashua moja ya mbao, Daigo Fukuryu Maru, yenye urefu wa karibu mita 30. Ni mashua ya kuvulia jodari. Tarehe 1 Machi 1954 ilikuwa baharini, kilomita zipatazo 160 kutoka kisiwa cha Bikini, wakati Marekani ilipolipua bomu la haidrojeni. Wavuvi 23 waliona jua likichomoza upande wa magharibi, na baada ya saa chache majivu meupe ya matumbawe yaliyounguzwa, yenye mionzi ya bomu, yakaanza kuwanyea kama mvua. Waliyafagia kwa mikono. Mkuu wao wa mawasiliano ya redio, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo, na samaki waliotoka bahari ile walitupwa kwa tani na tani.

Filamu ya Godzilla ilitoka tarehe 3 Novemba 1954, siku 41 baada ya kifo cha Kuboyama. Inaanza na meli ya mizigo, mwanga mkali juu ya bahari na moto. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari aliyepita Hiroshima akirudi nyumbani kutoka vitani. Wajapani wapatao milioni 9.6 walikata tiketi kuitazama, na kila mmoja wao alikuwa ametoka kusoma habari za mashua ile magazetini. Wao hawakuhitaji kuuliza bibi alichouliza. Katika filamu dubwana ni kiumbe wa kale aliyefukuzwa kilindini kwake na majaribio ya mabomu, na ngozi yake ya mabonde na makovu watu wengi wameifananisha na makovu ya walionusurika Hiroshima na Nagasaki.

Ndani ya jumba lile unaweza kuizunguka mashua yote na kusimama chini ya tumbo lake. Mbao zimepasuka kwa urefu, na katika nyufa zake kuna rangi za miaka tofauti, nyeupe juu ya kijani juu ya kijivu, kwa kuwa baada ya ajali ilisafishwa, ikabadilishwa jina, ikawa chombo cha kufundishia wanafunzi wa uvuvi, kisha ikatupwa katika kisiwa kile cha takataka mwaka 1967 hadi wananchi walipodai itunzwe. Jumba lilifunguliwa mwaka 1976. Katika kabati moja la kioo mna kichupa kidogo chenye majivu yenyewe. Niliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Ni punje za rangi ya kijivu kilichofifia, nyepesi, kama chumvi ya mawe iliyotwangwa nusu, na mtu asiyeambiwa angeweza kuzipangusa mezani kwa kiganja na kuendelea na chakula chake. Nilimkumbuka bibi, aliyefariki mwaka 2006, nikamjibu kimoyomoyo kwa Kichaga.

Safari ya pili, ya 2024, niliipanga vizuri zaidi. Jumba la makumbusho la Ghibli, studio ya filamu za katuni, lililoko Mitaka, ambalo mwaka 2019 nililikosa kwa kutojua kuwa tiketi hununuliwa mapema kwa siku na saa maalumu, safari hii niliingia. Humo ndani picha haziruhusiwi, nami ninaona ni uamuzi wa busara, kwa sababu niliwaona watoto wakitazama kwa macho yao. Odaiba, mtaa wa Tokyo, nililiona roboti la Gundam, lile la katuni za televisheni, la mita 19.7, ambalo kwa saa maalumu lilikuwa likifungua pembe yake na kuwaka taa. Ni kazi safi ya chuma, ila haikunigusa.

Kisiwa cha Awaji kilinigusa. Unatoka Kobe kwa basi, unavuka daraja la Akashi Kaikyo lenye urefu wa mita 1,991 kati ya nguzo zake kuu mbili, na katika bustani ya Nijigen no Mori, tangu Oktoba 2020, kuna Godzilla aliyelala nusu amefukiwa, kinywa kimeachama, na kwa kamba ya chuma wewe unateleza hewani hadi ndani ya kinywa hicho. Nilifungwa mikanda pamoja na baba mmoja na binti yake wa miaka kama minane. Binti alitangulia, akiwa ananyamaza kabisa, mikono imeishika kamba, na alipotokea upande wa pili alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilifumbua macho muda wote. Meno yake yana mikwaruzo ya mvua, na koo lake limepakwa rangi nyekundu inayochujuka. Kazi ya mikono inaonekana hata pale, na kwangu hilo ndilo linaloitofautisha Awaji na viwanja vingi vya michezo.

Mwezi Machi mwaka huohuo filamu ya Godzilla Minus One, iliyotoka 3 Novemba 2023, yaani miaka 69 kamili baada ya ile ya kwanza, ilikuwa imeshinda Oscar ya picha za ajabu, kwa kazi ya kikundi cha watu 35 tu chini ya Takashi Yamazaki. Shinjuku walikuwa bado wanasherehekea, mabango yamejaa. Siku yangu ya mwisho ningeweza kwenda huko kusikia mngurumo mara ya mwisho, lakini nilipanda treni ya Shin-Kiba.

Safari hii nilikaa zaidi nje ya jumba, ambako imewekwa injini ya mashua ile. Ilikuwa imeuzwa na kufungwa katika meli nyingine iliyozama, ikaopolewa baharini mwaka 1996. Kutu imeila hadi imekuwa na tabaka kama magome, lakini gurudumu la uzito bado linatambulika, na vichwa vya silinda, na mahali pa kupitishia mafuta. Nilikuwa nimeshika mashine za namna hiyo tangu utotoni, kwenye pampu za Mabogini, nikimshikia baba tochi usiku wakati mpunga unasubiri maji. Nilitafuta kwa macho mahali ambapo mtu wa injini angesimama, nikapaona, na nikasimama hapo. Saa kumi alasiri mhudumu alitoka kufunga jumba, akainamisha kichwa kunisalimu, nami nikainamisha changu, nikaelekea kituoni.